Nyuma ya mnyororo wa Kanali Crawford

Ijumaa: Columbus hadi Connellsville

Tumetoka Columbus, jimbo la Ohio, alfajiri, mimi na shemeji, kwa gari lake dogo. Yeye kazi yake ni malori ya masafa marefu, kwa hiyo kushika usukani wikendi ya mapumziko ni kama kumpa zamu ya ziada. Alikubali kwa sharti moja: kila tutakaposimama nimweleze tumesimama kwa ajili ya nini, na maelezo yasizidi dakika kumi.

Tunamfuata mtu aliyekufa mwaka 1782. William Crawford, mpima ardhi wa Virginia, ofisa wa mgambo, na mtu wa Washington katika mambo ya viwanja. Naam, Washington huyohuyo wa kwenye noti ya dola moja, ambaye naye alianza maisha kwa kupima ardhi za watu. Mimi nimesomea upimaji nyumbani na nikaufanya miaka kadhaa kabla ya kuja huku, kwa hiyo habari za mtu mwenye dira na mnyororo wa kupimia hunivuta. Ila Crawford nilimfahamu kwa upande wake mwingine. Mwaka 1774, katika vita vilivyoendeshwa na Lord Dunmore, gavana wa Virginia, Crawford aliongoza wanamgambo mia mbili na ushee wakateketeza kijiji cha Wamingo, moja ya makabila ya wenyeji wa Amerika, kilichoitwa Salt Lick Town, kando ya Mto Scioto. Leo hapo ni Columbus. Ni jiji ninalolipia kodi ya nyumba kila mwezi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunitajia jambo hilo.

Zanesville, Wheeling, Washington ya Pennsylvania, kisha barabara za milimani. Wheeling tulipita tu. Nilimwambia shemeji kwamba ngome ya hapo, Fort Fincastle, Crawford alishiriki kuijenga mwaka huohuo wa 1774. Akatikisa kichwa, akatazama mita ya mafuta.

Connellsville ipo kando ya Mto Youghiogheny. Zamani mji ulitajirika kwa makaa ya koka yaliyolisha viwanda vya chuma vya Pittsburgh. Sasa wanaopita kwa wingi ni waendesha baiskeli wa njia ndefu inayofuata mto. Katika bustani ya mtoni pamejengwa upya kibanda cha magogo mfano wa kile cha Crawford. Nilikizunguka nikitafuta pembe. Magogo yamechongwa ncha na kupandanishwa pembeni bila msumari, nyufa zikazibwa kwa chokaa. Ukiingia, watu wanne wakisimama mmeshajazana. Katika kile cha asili ndimo alimopokea Washington mwaka 1770 na Lord Dunmore mwaka 1773.

Mahali hapa alipajua kabla hajahamia. Mwaka 1755 alikuwa ofisa mdogo katika jeshi la Uingereza la Jenerali Braddock lililovuka mto papa hapa, kwenye kivuko cha Stewart, likielekea kipigo chake. Miaka kumi baadaye akarudi, akajenga, kisha akamleta mkewe Hannah na watoto. Na hapo pana jambo ambalo mpimaji yeyote atalinusa mara moja. Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza alikuwa amepiga marufuku walowezi kukaa magharibi ya milima ya Allegheny. Ardhi ile ilitambuliwa kuwa ya wenyeji. Kwa sheria ya serikali yake mwenyewe, Crawford alikuwa mvamizi.

Washington alilijua hilo vizuri. Septemba 1767 alimwandikia Crawford amtafutie ardhi nzuri kabla wengine hawajastuka, akimweleza kwamba tangazo lile la mfalme yeye analiona ni la muda tu, la kuwatuliza wenyeji, na kwamba kazi hiyo ifanyike kimyakimya, kwa kisingizio cha kuwinda. Nilimsomea shemeji sehemu hiyo kwenye simu tukiwa tumekaa ngazini.

"Kumbe hata huku yalikuwapo," akasema. "Mkubwa yuko mjini, kijana yuko porini anamshikia kiwanja."

Jioni tulipanda hadi Perryopolis, mwendo mfupi tu kutoka pale. Hiyo ndiyo ardhi Crawford aliyompimia bosi wake: zaidi ya ekari 1,600, bondeni, udongo mweusi. Kinu cha kusaga nafaka cha Washington kimejengwa upya kando ya kijito. Kulikuwa kumefungwa. Tukalala hoteli ya barabarani.

Jumamosi: Pittsburgh, East Liverpool, Mingo Junction

Pittsburgh hatukukaa. Pale mito miwili inapokutana kuzaa Mto Ohio kuna kijengo cha matofali cha mwaka 1764, mabaki ya Fort Pitt, chenye matundu ya bunduki ukutani. Ukikiona kati ya maghorofa unaweza kudhani ni stoo ya watunza bustani. Tarehe 20 Oktoba 1770 Washington na Crawford waliondoka hapa kwa mitumbwi, wakashuka Ohio hadi Mto Kanawha Mkuu. Dhamira ilikuwa ardhi. Askari wa Virginia wa mwaka 1754 walikuwa wameahidiwa ekari 200,000 kwa utumishi wao, na Crawford ndiye aliyetumwa kuzikata. Washington mwenyewe aliishia na zaidi ya ekari 20,000 huko, nyingi zikiwa za mtoni, zile tambarare nzuri.

Njiani walimkuta Guyasuta, kiongozi wa Waseneca, akiwa kwenye kambi ya uwindaji. Yeye na Washington walifahamiana tangu 1753, Washington alipokuwa kijana mwenye barua ya gavana mfukoni. Guyasuta akawapa nyama ya nyati, wakala, wakazungumza, wakaagana. Mwenyeji anawakirimu watu waliokuja kuipima nyumba yake.

Tukaufuata mto kuelekea magharibi, na kwenye mpaka wa Pennsylvania na Ohio, karibu na East Liverpool, nikamwomba shemeji asimame. Hapo kando ya barabara kuna nguzo fupi ya mawe na vibao vya maelezo. Malori yanapita karibu kiasi kwamba upepo wake unakuvuta shati.

"Shem, hapa tunaangalia nini hasa?"

Dakika kumi hazikutosha, na alinivumilia.

Kwanza mnyororo. Mwingereza Edmund Gunter aliubuni mwaka 1620: futi 66, pingili 100. Ukiwa nao, hesabu zinakuja zenyewe. Minyororo 80 ni maili. Minyororo 10 ya mraba ni ekari moja. Ndiyo, ekari yetu hiihii ya shambani. Shemeji akacheka, maana kwao ekari ni hatua sabini kwa sabini za mtu mzima, basi. Tukapiga hesabu pale pale: hatua ikiwa yadi moja, sabini kwa sabini ni yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni 4,840. Babu zetu hawakuwa mbali.

Crawford alifanya kazi na dira juu ya mti wa kusimamia, wavuta mnyororo wawili, na mtu wa shoka wa kufyeka na kuchanja miti. Bikoni hazikuwapo. Kona ya shamba ilikuwa mti: mwaloni mweupe, mjozi, hikori, unachanjwa kwa shoka kisha unaandikwa kwenye daftari. Kutoka mwaloni huu, kwa digrii kadhaa, nguzo kadhaa, mpaka mjozi ule kando ya kijito. Nguzo ni robo ya mnyororo. Mteremkoni mnyororo unatakiwa ushikwe ukiwa mlalo, la sivyo unapima mwili wa kilima badala ya eneo. Na kwenye vichaka, mvua inanyesha, bunduki begani, nani atakayeushika mlalo kila mara? Mti nao huungua au hukatwa kuni. Jirani akichanja mwaloni mwingine hatua mia mbele, kesi hiyo watairithi wajukuu. Nimewahi kukaa kwenye mabaraza ya namna hiyo kwetu, tatizo likiwa mwembe, na nakwambia hakuna shahidi mgumu kama mti uliokufa.

Juu ya hapo, Pennsylvania na Virginia zote mbili zilidai bonde zima la Crawford. Alianza akiwa hakimu wa upande wa Pennsylvania, halafu vita vya Dunmore vilipozuka akahamia upande wa Virginia, akapoteza uhakimu, akawa mpimaji wa Virginia kwenye ardhi ileile. Kiwanja kimoja, ofisi mbili. Sina haja ya kueleza zaidi kwa msomaji aliyewahi kununua kiwanja mjini.

Na ile nguzo? Tarehe 30 Septemba 1785 Thomas Hutchins alianzia hapo kupima kwa utaratibu mpya wa serikali ya Marekani. Hakuna miti tena. Mistari ya kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, miraba ya maili sita kila upande, kila mmoja umegawanywa vipande 36 vya ekari 640. Mtu anauziwa namba. Kutoka hapa miraba hiyo ilikwenda magharibi, ikafika Pasifiki. Kitaalamu ni kazi ya kuvutia mno, na nilipiga picha nyingi. Ila ili mraba uchorwe, kwanza ardhi iwe tupu, na kuifanya iwe tupu ndiyo kazi waliyotangulia kuifanya watu kama Crawford.

Shemeji akatazama saa. Tukashuka kusini kwa barabara namba 7, mto upo kushoto, hadi Mingo Junction.

Ni mji wa kiwanda cha chuma, umesinyaa. Hapa palikuwa Mingo Bottom, walikokusanyika wapanda farasi wa kujitolea wapata 480 mwezi Mei 1782. Crawford alikuwa ameshapigana katika Vita vya Uhuru kama kanali wa kikosi cha Virginia, akastaafu. Kijana wake John anakwenda, mkwewe William Harrison anakwenda, mpwa wake aliyebeba jina lake anakwenda. Mzee akaandika wosia, akagawa ardhi na watumwa wake, akapanda farasi. Mgambo wakati huo walichagua kamanda kwa kura: Crawford 235, David Williamson 230. Kura tano. Tarehe 25 Mei wakavuka na kuingia magharibi, lengo likiwa vijiji vya Wawyandot na Wadelaware kwenye Mto Sandusky.

Huyo Williamson aliyekosa kwa kura tano nitamfikia kesho.

Jumapili: Gnadenhutten

Ohio ya mashariki ni vilima vya kijani na ng'ombe. Watu wanakwenda kanisani. Makaburini vibendera vidogo vimeshachomekwa kwa ajili ya kesho, siku ya kuwakumbuka askari.

Gnadenhutten ni mji mdogo, na eneo lenyewe lipo mwisho wa mtaa wa nyumba za kawaida, moja ina trampolini ya watoto uani. Ndani ya uzio kuna nyumba mbili za magogo zilizojengwa upya, nguzo ndefu ya mawe, na kilima cha nyasi kinachofika kifuani. Kilima hicho ni kaburi la pamoja.

Waliokuwa hapa ni Wadelaware Wakristo, wafuasi wa wamisionari Wamoravian. Walikataa kupigana upande wowote, na kwa hilo kila upande uliwashuku. Msimu wa vuli wa 1781 Wawyandot na Waingereza waliwahamisha kwa nguvu hadi Sandusky, mahindi yakabaki shambani. Njaa ilipowazidi, kundi likarudi Februari kuvuna kilichobaki. Machi 1782 wakafika wanamgambo wa Pennsylvania chini ya Williamson. Waliwaambia watawapeleka Fort Pitt, wakawanyang'anya silaha, kisha wakapiga kura: wawapeleke au wawaue. Waliosogea mbele kuwatetea hawakufika ishirini.

Waliohukumiwa waliomba usiku mmoja wa kusali. Walikesha wakiimba nyimbo za dini. Asubuhi ya tarehe 8 Machi wanaume waliingizwa nyumba moja, wanawake na watoto nyumba nyingine, wakauawa mmoja mmoja kwa nyundo ya mti, ya fundi wa mapipa. Watu 96. Wavulana wawili walinusurika wakatoroka. Nyumba zikachomwa.

Shemeji hakuuliza kitu. Alisimama mbele ya nyumba ya fundi wa mapipa muda mrefu kuliko sharti lake. Halafu akasema, "Na waliofanya hivi?"

Hakuna aliyehukumiwa. Williamson baadaye alichaguliwa kuwa sherifu wa wilaya. Na miezi miwili na nusu tu baada ya siku hiyo, alikuwa Mingo Bottom akigombea ukamanda na Crawford, na baadhi ya watu wake walikuwa kwenye msafara uleule.

Crawford hakuwapo Gnadenhutten. Hilo lisemwe, na wanaomtetea hulisema upesi. Lakini hakuwa mgeni wa mambo hayo. Februari 1778 alikuwa katika msafara wa Jenerali Hand, uliotoka kushambulia ghala la Waingereza, ukaishia kushambulia vijiji vya Wadelaware vilivyokuwa havipigani, na jamaa za kiongozi wao, Captain Pipe, wakauawa. Weka jina hilo akilini.

Msafara wa 1782 ulipita jirani na hapa. Walipiga kambi kwenye magofu ya Schoenbrunn, kijiji kingine cha Wamoravian, farasi wakala mahindi yaliyosahaulika. Huko ndiko wapelelezi wa wenyeji walikowaona, na siri ikaishia hapo.

Mchana tukaingia nchi tambarare. Barabara zimenyooka, zinakatana kwa pembe mraba kila maili moja. Ukitazama ramani ya simu unaiona kazi ya Hutchins na waliomfuata. Shemeji alifurahi kuendesha bila kona. Tulifika Upper Sandusky jua likiwa bado juu, tukala kuku wa kukaanga, tukalala.

Jumatatu: Sandusky na Tymochtee

Kaskazini ya mji, shambani, kuna kibao cha Battle Island. Palikuwa na kichaka kidogo katikati ya nyasi ndefu. Tarehe 4 Juni 1782 wanamgambo walikiteka kutoka kwa Wadelaware na Wawyandot, wakadhani wameshinda. Siku iliyofuata wakagundua kwamba askari wa Waingereza wapo upande wa wenyeji, wakafika na Washawnee, na usiku ule wanamgambo wakaanza kurudi nyuma, kisha ikawa kila mtu na roho yake. Williamson alikusanya sehemu kubwa ya kundi akalitoa. Crawford hakuwa nalo. Alikuwa amebaki nyuma gizani, akiita mwanawe, mkwewe na mpwa wake, na hakuna aliyeitika.

John alifika nyumbani salama. Harrison na yule mpwa waliuawa na Washawnee. Crawford alikamatwa tarehe 7 akiwa na daktari wa msafara, John Knight.

Wadelaware hawakuwa na haja ya kumuuliza mengi. Kisasi cha Gnadenhutten kilihitaji mtu, naye alikuwa kamanda wa mkononi. Captain Pipe aliwapaka mateka masizi meusi usoni, na kila aliyekuwapo alielewa maana yake. Tarehe 11 Juni, kando ya kijito cha Tymochtee, Crawford alifungwa kwenye nguzo, moto ukawashwa kumzunguka, akateswa kwa muda mrefu mpaka akafa. Katikati ya mateso alimwomba Simon Girty, Mpennsylvania aliyehamia upande wa wenyeji, ampige risasi. Girty hakufanya hivyo. Knight alilazimishwa kutazama. Siku mbili baadaye alimpiga mlinzi wake kwa gogo, akatorokea msituni, akala majani na vitu vibichi wiki tatu, akafika Fort Pitt tarehe 4 Julai.

Simulizi yake ilichapishwa mwaka uliofuata, ikahaririwa na wakili wa Pittsburgh, Hugh Henry Brackenridge, aliyetaka wasomaji wawachukie wenyeji na ardhi yao ichukuliwe. Ilifanya kazi. Watoto wengi wa Marekani walikua wakijua jinsi Crawford alivyokufa bila kujua sababu. Jiwe la ukumbusho lililosimamishwa hapa mwaka 1877 nalo ni hivyohivyo: linasema Kanali Crawford alichomwa na Wahindi (ndivyo walivyowaita wenyeji) katika bonde hili, na tarehe. Gnadenhutten haimo.

Tulilikuta kwenye makaburi madogo kati ya mashamba ya soya. Mwanamume mmoja alikuwa akikata nyasi kwa trekta dogo. Alituzimia mashine, akatusalimia, akauliza tumetoka wapi. Shemeji akamjibu Columbus. "Hapana, kabla ya hapo," akasema yule bwana. Tanzania, basi. Akafurahi, akatuonyesha kijito kilipo, nyuma ya miti. Ni maji ya kahawia, upana wa gari mbili, tope hadi vifundo.

Kituo cha mwisho kilikuwa mjini, kanisa dogo la mawe la misheni ya Wawyandot, la mwaka 1824. Misheni hiyo ilianzishwa na mtu mweusi huru kutoka Virginia, John Stewart, aliyefika kwa Wawyandot mwaka 1816 bila kutumwa na kanisa lolote, akahubiri kupitia mkalimani mweusi aliyekuwa akiishi nao, Jonathan Pointer. Amezikwa hapo. Wawyandot walikuwa kabila la mwisho kuondolewa Ohio. Julai 1843 watu 664 walifunga mizigo hapa, wakaenda hadi Cincinnati kupanda meli za mto kuelekea Kansas. Kabla ya kuondoka waliwakabidhi Wamethodisti kanisa na makaburi wawatunzie.

Mwaka 2019 kanisa likawarudishia. Ekari tatu hivi, jengo na makaburi, kwa taifa la Wyandotte ambalo makao yake sasa yako Oklahoma.

"Ekari tatu," shemeji akarudia. Akaanza kutembea kando ya uzio kwa hatua zake ndefu, akihesabu kwa sauti, mpaka kona. "Mipaka wameweka nini?"

Nikainama kuangalia. Ni kipande cha chuma kilichopigwa ardhini, kofia ya plastiki juu yake, namba ya leseni ya mpimaji imechapwa. Kipya, kimekaa sawasawa. Nikakipiga picha, na shemeji akanikumbusha kwamba kesho saa kumi na moja alfajiri ana mzigo wa kwenda Indianapolis.